Mbio Mbili, Raba Jozi Moja

Mdogo wangu Makuru,

Barua hii sijui naituma wapi. Nakuita kwa jina lako tu, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyeniambia nikuite marehemu, na mimi mwenyewe sijawahi kulitamka hilo neno. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la tano, na wewe ndiye uliyekuwaga unanisahihishia. Atakayeiokota na aisome. Nimechoka kuisema peke yangu shambani.

Niko Morogoro kwenye mashamba ya miwa. Shamba linachomwa kwanza, kisha tunaingia na mapanga majivu yakiwa bado ya moto. Ikifika saa tisa wote tumekuwa weusi, hata msimamizi anatuita kwa namba. Magoti yangu yamekwisha. Yale yale magoti uliyosema yataniishia barabarani.

Unakumbuka tulivyozipata raba? Ulikuwa mwaka ule maduka ya Bunda yalipobaki na mbao za rafu na mwenye duka ameketi nyuma yake. Baba mdogo alivuka mpaka kwa miguu na mbuzi wake wawili, akarudi na sabuni, betri za redio na jozi moja ya raba za turubai. Alizileta kwetu kwa sababu baba alikuwa ameshafariki na yeye ndiye aliyebaki kutuangalia. "Mko wawili na miguu ni minne," akasema. "Mtajua wenyewe." Mimi zilinienea. Wewe ulijaza kitambaa mbele, na bado kidole chako gumba cha kushoto, kile kirefu, kikatoboa turubai.

Tukapeana zamu. Siku yangu nilishika barabara ya kutoka Mugeta kuelekea Bunda. Siku yako ulipanda vilima kwa njia za mbuzi, unapotea huko hadi Mama anauliza kama umekwenda kuoa.

"Kaka, barabara inakufundisha ujinga," ulikuwaga unaniambia. "Inakuonyesha pa kwenda, na wewe unafuata tu kama ng'ombe wa mnada."

"Na huko vichakani unafundishwa nini?"

"Kuangalia chini."

Nilikuwa nakucheka. Mimi nilipenda njia inayonyooka, ambayo mtu anajua imeanzia wapi na itaishia wapi. Nilikuwa na mwendo wangu mmoja, ule ule, kama cherehani. Wewe ulikimbia kama mtu anayesoma: unapunguza, unainama, unaongeza. Barabarani nilikushinda kila mara. Vilimani sikuwahi kukuona mgongo baada ya kilima cha kwanza.

Kisha yule bwana michezo wa kiwanda cha nguo cha Musoma akaja Bunda na pikipiki. Akasema watakimbiza watu kutoka Butiama hadi uwanjani Musoma, kilomita arobaini na mbili, Jumapili. Watano wa kwanza wataajiriwa kiwandani na kukimbilia timu yao. Kuajiriwa, Makuru, mwaka ambao watu walikuwa wanavaa magunia. Hatukubishana. Mbio za barabara zilikuwa zangu, wewe hukuzitaka. Tulikubaliana Jumamosi asubuhi niondoke, nilale Butiama, niamkie kukimbia.

Jumamosi hiyo alfajiri yowe likapigwa kwa Baba mdogo. Wezi walikuwa wameondoka na ng'ombe wake wote, pamoja na wawili wetu waliokuwa wanalala kwake. Mama akachukua kanga akakimbilia huko gizani na wanawake wengine, bila kuchungulia chumba chetu. Sisi tukatoka uani.

Wasomaji wasiotoka kwetu hawajui, kwa hiyo naandika. Yowe likipigwa, kila nyumba inatoa mwanamume mmoja kufuata nyayo za ng'ombe, hata zikienda siku mbili, hata zikienda tatu. Nyumba isiyotoa mtu, siku yake ikifika, itapiga yowe mpaka koo likauke na hakuna atakayetoka. Na kama baba hayupo, anakwenda mtoto mkubwa. Kwetu mkubwa ni mimi.

Nilikuwa nimesimama na kifurushi begani na raba mkononi.

"Wewe ndiye mkubwa," ukasema.

"Najua."

"Basi?"

"Basi mbio ni kesho."

Ukacheka kidogo. "Na hizi ni leo."

Tulikaa tukitupiana maneno mpaka sauti za kundi zikapita nyuma ya kilima na kunyamaza. Miaka mingi nilijisimulia kwamba wewe ndiye uliyejitolea. Si kweli. Nilisema, "Nenda wewe." Nilisema hivyo kwa sauti ya baba.

Ukaziangalia raba. Jumamosi ilikuwa zamu yako.

"Njia ya leo ina miiba, kaka."

"Na kokoto za Butiama je? Kilomita arobaini na mbili."

"Ya porini haina namba."

Nikazitia raba kwenye kifurushi. Ukaingia ndani ukatoka na katambuga, vile viatu vya tairi tulivyokuwa tunachungia. Kamba ya mguu wa kulia ilikuwa imekatika Alhamisi, ukaipigilia msumari mwenyewe, na msumari ukapinda. "Ukipata kazi," ukasema, "mimi nitakuja Musoma kula tu. Usinitafutie kazi, nitafutie sahani." Kisha ukaondoka peke yako, unafuata nyayo za watu wanaofuata nyayo. Hukukimbia kwa nguvu. Ulikwenda mwendo wako ule, kama mtu ambaye hajachelewa.

Sina mengi ya kusema juu ya Butiama. Tulikuwa watu kama thelathini, wengi peku. Niliona miguu ikipasuka kwenye kokoto na mimi napita. Tulipofika kwenye lami karibu na mjini, upepo wa ziwa ukaja usoni, nikaongeza mwendo. Nikawa wa tatu. Bwana michezo akanishika mkono akaniambia niripoti Jumatatu ya wiki inayofuata. Raba zangu ndizo alizozitazama kwanza, uso baadaye.

Nikarudi nyumbani Jumatatu. Kundi lilikuwa limefika mchana huo na ng'ombe, wamechoka, wanakunywa maziwa kwa Baba mdogo. Niliwauliza Makuru yuko wapi. Wakaulizana wao kwa wao.

"Makuru? Hatukumwona. Tulisema nyumba yenu safari hii haikutoa mtu."

"Alikwenda," Mama akasema. "Mwanangu alikwenda."

Hapo Baba mdogo akaweka kibuyu chini. Hakupoteza muda wa kulia. Aliuliza swali ambalo mtu wa kwetu angeuliza la kwanza, kwa sababu mtu aliyepotea anatafutwa kwa alama ya mguu wake.

"Alivaa nini?"

Watu wote wakanigeukia. Raba zilikuwa ndani ya kifurushi changu, begani. Kama ningesema katambuga, swali la pili lingekuwa raba ziko wapi, na la tatu lingekuwa kwa nini mkubwa alikwenda kukimbilia kazi na mdogo akatumwa porini na kamba ya msumari. Wangeninyima hata maji. Na mimi nilikuwa nimeshaitwa kiwandani.

Nikasema, "Alivaa raba. Mimi niliondoka kabla ya yowe, nikamwachia. Nilikimbia peku."

Baba mdogo akanipiga begani. Akasema, "Huyu ndiye mkubwa wa nyumba."

Soli ya zile raba ilikuwa na alama kama magamba ya sato, na nchi nzima ile hakuna mwingine aliyekuwa na alama hiyo. Kwao ilikuwa habari njema. Mtu wa raba utamfuata hata kwenye vumbi la kondoo. Wakaondoka kesho yake asubuhi, wanane, wakitafuta magamba ya sato upande wote ule hadi kwenye mpaka wa mbuga ya wanyama. Na mimi nilikuwa kati yao, Makuru. Nilitembea nao siku ya kwanza nikiangalia chini kama ulivyonifundisha, nikitafuta tairi kimyakimya, nikiomba niione mimi kabla yao ili niseme nimekusikia unaita. Sikuiona. Sikuwahi kujifunza kusoma chini. Siku ya pili nikasema goti limevimba, nikarudi.

Mama alinichemshia maji akatia chumvi, na chumvi ya siku zile ilifichwa kama dawa. Akaniosha miguu. Alishika unyayo huu, akashika na ule. Akapitisha kidole juu ya kisigino, pale raba iliponitoa lengelenge. Akasema, "Miguu yako imekaa vizuri." Akamwaga maji.

Wakarudi siku ya tano. Hapa ndipo penyewe, mdogo wangu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Baba mdogo akamweleza Mama walikopita, kilima kwa kilima, na mwisho akasema: "Hakuna raba popote. Ng'ambo ya vilima tuliona nyayo za mtu mmoja wa katambuga, anaburuta mguu wa kulia, kamba imekatika. Alikuwa anashuka kuelekea kwenye korongo, nadhani anatafuta maji. Mchungaji tu. Tukamwacha."

Mguu wa kulia.

Ulikuwa umekaa siku ngapi porini hapo? Hesabu yangu inasema siku saba toka yowe. Labda ulikuwa umeshakwisha. Labda ulikuwa umekaa kivulini kwenye korongo lile, unasikia sauti zao juu, huwezi kuita. Ningeweza kusema pale pale. Watu walikuwa bado wamesimama na fimbo zao, wangegeuka. Nilimeza uji. Jumatatu ikafika, nikaripoti kazini.

Nilipanga chumba Kamunyonge, mtaa wa Musoma. Nilifanya kazi kwenye mashine za kufuma, na nilikimbilia timu mara mbili, nikaacha. Nilisema ni goti. Ukweli ni kwamba kila nikifunga kamba za viatu nilikuwa nasikia lile swali, alivaa nini. Watu walinisifu kwamba nina heshima, naipelekea familia yangu fedha. Ni kweli, nilipeleka. Mama alipokea, hakuniuliza habari za kazi hata siku moja. Sahani yako nilinunua, ya bati, ya bluu. Ipo.

Kisha zikaja siku za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa. Kila kitu kikaingia, na mabelo ya mitumba ndiyo yaliyotangulia. Nani atanunua kitenge cha kiwanda chetu na shati la Ulaya liko chini sokoni? Mashine zikazimwa moja moja, mwisho tukaambiwa tunapunguzwa. Siku niliyotoka na mzigo wangu nilipita sokoni Musoma. Raba zilikuwa zimemwagwa kwenye turubai kama dagaa, rundo linafika kiunoni. Watu wanazitupatupa wakitafuta ya pili yake, anayeuza anapiga makofi. Nilisimama pale mpaka akaniuliza, "Mzee, unanunua au unaaga maiti?" Watu wakacheka.

Ndiyo kazi niliyokuachia pori kwa ajili yake. Imekwisha, haikuacha hata kiraka. Ningekuwa nimekutoa kwa kitu kinachodumu, labda ningekuwa na la kujitetea.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita imekuja barua kutoka nyumbani, imeandikwa na mwalimu kwa maneno ya Mama. Wazee wamesema nyumba haiwezi kukaa na mtu ambaye hajulikani yuko juu au chini. Watachimba kaburi, watakuombea kanisani, na kwenye jeneza wataweka mgomba badala ya maiti, pamoja na kitu kilichovaliwa na mwili wako. Nguo zako zote zilikwisha kuliwa na mchwa. Nilisoma polepole mpaka mstari wa mwisho. Mwalimu aliuandika kama alivyoambiwa, bila kujua anaandika nini:

"Mama anasema, njoo na zile raba."

Nilikaa kitandani, wenzangu wakadhani nimefiwa. Makuru, alijua. Alijua toka siku aliponiosha miguu. Wale wenzangu saba walikuwa bado porini siku hiyo, na yeye akanyamaza. Nadhani aliona mmoja ameshapotea, na akimsema aliyebaki atapoteza wote wawili. Akachagua. Miaka yote hii nilifikiri nilibeba peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, na yeye alibaki Mugeta anakitazama kile kilima kila akifagia uwanja.

Raba ninazo. Sikuwahi kuzitupa wala kuzivaa tena. Nimehama nazo toka Kamunyonge, sasa ziko kwenye mfuko wa plastiki wa rambo chini ya kitanda cha kambi. Turubai limekuwa kama karatasi. Tundu la kidole chako lipo kushoto. Magamba ya sato bado yanasomeka, kwa sababu toka Butiama hazijakanyaga njia nyingine.

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa, naondoka hivyo hivyo. Sitaziweka kwenye jeneza zimefungwa. Nitamtafuta kwanza Baba mdogo. Macho yake yameanza kuzimika, lakini vidole vyake bado vinasoma. Nitampa asome soli na kumwambia yule aliyeburuta mguu wa kulia alikuwa nani. Kisha nitamwomba aniambie ni kilima kipi na korongo lipi. Akinipiga, sawa. Wakinifukuza kwenye msiba wako, nitakwenda huko nikiwa nimefukuzwa. Nitakwenda mbio zako, kwa mwendo wa magoti haya, nikiangalia chini. Mfupa nikiuona, wataung'oa mgomba kaburini, wakuzike wewe.

Zamu ilikuwa yako. Nakurudishia.

Kaka yako mkubwa