Betri ya Bi Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Betri imevimba! Nimeiona leo nilipofungua kabati la Baba mkwe kumtafutia miwani. Ile betri ya ndege yake ya rimoti, kifuko laini chenye seli tatu ndani, imefura kama shavu la mwenye jino bovu. Nikamwambia. Akaipapasa kwa kidole gumba, akasema imeshiba tu. Imeshiba! Nikamwambia Baba, hiyo itatuunguzia nyumba. Akasema mimi nishone nguo. Nikaenda kushona. Pindo zima limekwenda kombo kwa hasira.

Jumamosi anataka kumrusha Bi Harusi. Ndivyo anavyoiita ndege yake — nyeupe tupu, mabawa marefu kuliko meza yangu ya kukatia vitambaa. Kaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Halafu Jumatatu ijayo anapasuliwa jicho. La kushoto lilishazimika zamani, hili la kulia linaona ukungu, na daktari hakutuahidi kitu. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho yenye uhakika. Yeye hajasema hivyo. Mimi ndiye ninayesema, tena humu tu.

Jioni akaja uani mwenyewe na ile betri. Tumeifukia kwenye ndoo ya mchanga.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Waya. Anauza nyaya na spea za redio, naye mwenyewe mwembamba kama bidhaa zake. Betri zinazoingia kwenye pua ya Bi Harusi anazo mbili tu. Kubwa imeandikwa 2200, ndogo 1300. Volti zilezile, plagi ileile. Waya anasema namba hiyo ni kama ujazo wa tangi la mafuta: kubwa itakaa hewani dakika kumi na ushei, ndogo tano, ukibahatika sita. Nikamuuliza, sasa nani atakayetaka ndogo? Akacheka. Uzito, mama, uzito! Mwisho kaniruhusu nizichukue zote, nirudishe moja.

Baba kazipima viganjani, moja huku, moja huku, muda mrefu. Akasema ukimtilia ndogo Bi Harusi anaelea kama karatasi, hata anayejifunza atamshusha salama. Ukimtilia kubwa anakuwa mzito, anashuka kwa kasi, hataki mwoga. Lakini anakaa juu.

"Sasa tuchukue ipi, Baba?"

"Chagua wewe. Mwenye macho ni wewe."

Mtihani huu!

Jumatano, 5 Juni

Leo kutwa nzima betri. Kwanza kanisimamisha katikati ya chumba, Bi Harusi juu ya ncha za vidole vyangu viwili, kimoja chini ya kila bawa. Kwa betri kubwa akatulia, pua ikiinama kidogo. Kwa ndogo mkia ukaanguka! Ikabidi tuisukume betri mbele kabisa na kuizibia nyuma kwa sponji. Baba anasema mkia mzito ni ndege ya kuokota vipande.

Halafu majaribio. Kafungua feni ya mbele akaiweka mfukoni — ndani ya nyumba haichezewi, anasema, kidole hakioti mara mbili. Rimoti nishike mimi, yeye asikilize mota. Pandisha polepole. Polepole, kama unavyokanyaga cherehani kwenye hariri! Shusha. Sasa kulia. Niambie kipi kimeinuka kwenye bawa. Sasa jifanye anakuja kwako, mkono wa kulia ni upi? Nikakosea. Tena. Nikakosea tena. Tena!

Vidole gumba vinaniuma mpaka sasa. Nikamwambia Baba, betri zote mbili nzima, tunajaribu nini kingine? Akasema betri ni kama mchumba, usiridhike na siku ya kwanza. Mzee huyu!

Alhamisi, 6 Juni

Mume wangu kapiga simu kutoka safarini, lori limesimama kwenye mizani. Nikafanya kosa la kumwambia. Kelele! Mzee haoni, anarushaje ndege? Ikimwangukia mtu je? Anataka niweke ile ndogo, atue mapema, au bora zaidi nifiche rimoti, niseme imeharibika. Nikajibu nitaona.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilipogeuka, Baba alikuwa mlangoni na kikombe chake. Sijui kasikia kiasi gani. Kasema chai imepoa, akarudi chumbani kwake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudisha ndogo.

Dakika tano ni za mtu mwenye kesho. Mume wangu sijamwambia. Nimeichaji kubwa juu ya vigae, mbali na vitambaa, nikakaa nayo kama maziwa yaliyo jikoni.

Jumamosi, 8 Juni

Uwanjani. Hapana mtu, nimezunguka kote kuhakikisha. Upepo bado haujatulia, tunasubiri. Nimefunga kipande cha kitambaa kwenye nguzo ya goli ili tuuone ukitulia.

Baba kaniuliza nimeweka ipi. Nikasema kubwa. Halafu akacheka mpaka akakohoa. Akachukua rimoti, akanivisha mkanda wake shingoni. Nikadhani nimshikie tu.

"Leo unarusha wewe, mwanangu."

Nimekataa. Nimekataa kwa kila lugha! Kumbe Jumatano ile yote — betri gani! Nilikuwa nafundishwa mimi! Nikamuuliza kwa nini hakusema, ningechukua ile ndogo, ya kuelea, ya anayejifunza! Akasema, "Ungekubali?"

Akanishika bega. Anasema mwenye kurusha hatazami, anahangaika tu. Miaka yote kamrusha Bi Harusi, hajawahi kukaa akamwangalia. Nyeupe ile juu ya bluu bado anaiona, akiachiwa aitafute kwa utulivu. Mota ataisikiliza, betri ikichoka ataniambia.

Nilimchagulia yeye dakika hizo. Sasa ni zangu, kila moja, na ndege nzito isiyotaka mwoga. Mimi ni mwoga! Naandika ili nisikimbie.

Kitambaa kimelala.

Amesimama katikati ya nyasi, kamwinua Bi Harusi juu ya kichwa, uso mbinguni. Mikono yake imetulia kabisa. Anauliza kama niko tayari. Nimesema ndiyo, Baba, na kalamu bado iko mkononi. Anahesabu. Moja, anasema —