Nimeshaifuta

Kaka yangu mpenzi,

Kicheko chako cha kwenye simu, siku ile kabla hujapasuliwa koo, hakijanitoka masikioni. Uliniuliza, "Profesa, kompyuta niliyowatumia umeifungua, au umeiweka kabatini kama vyombo vya wageni?" Nikajibu, "Nimeshaifuta, iko safi kabisa." Ukacheka mpaka ukakohoa: "We mtoto! Kitu kipya hivyo, ulikifuta vumbi gani?"

Nami nikakuacha ucheke.

Sikufuta vumbi, kaka. Programu ya mashine ya mama ya kudarizi ilikataa mfumo mpya wa kompyuta yako, na wateja wa sare za shule walikuwa wakimsubiri mlangoni. Fundi wa kompyuta aliniambia nimwachie. Nikaona aibu, msomi mzima, nikasema najua. Nikaweka mfumo wa zamani. Kompyuta iliponiuliza kama ifute kila kitu, nikakubali, maana nilidhani ni mpya na haina kitu. Mashine ikadarizi, mama akanisifia kwa majirani.

Jana nikapata ujumbe wako: kidonda kimepona ila sauti haitarudi, na ndani ya kompyuta ile, kabla ya kuituma, ulimrekodia mama salamu za kumtosha miaka yote, nimfungulie asikilize. Nilijifunika shuka nikasema kichwa kinaniuma. Mama akaniletea maji.

Leo asubuhi nimempelekea fundi kompyuta, ajaribu kuokoa chochote. Hakuniahidi kitu. Kisha nikarudi nyumbani, nikamsimamisha mama kwenye kazi yake na kumwambia yote, kabla wewe hujamwandikia kumuuliza kama amekusikia.

Mdogo wako