Jua la Dirishani

Jumatano

Tembe zenyewe za vitamini D Mama hawezi hata kuzimeza, na ile barakoa ya oksijeni usoni. Njoroge, kaka yangu, alizinunua Kilimani akitoka kazini, akaniletea hapa hospitalini Parklands kana kwamba sasa Mama amepona.

Daktari alikuwa ametuambia vitamini D yake iko chini sana, lakini virusi vimeshaharibu mapafu. "Siwezi kusema upungufu huo ndio sababu. Na kumpa vitamini sasa, sidhani itabadilisha kitu."

Msimu wote wa baridi tulimfungia ndani kule Waithaka, sweta mbili, madirisha yote yamefungwa, asije akapata nimonia. Na kama tungemwacha tu akae nje juani kidogo…

Leo nilimwomba sista, muuguzi wa zamu, tusogeze kitanda kwenye jua la dirishani. Tulipomaliza akaniambia polepole, "Dada, jua likipita kwenye kioo halileti vitamini." Na dirisha lenyewe halifunguki.

Njoroge aliuliza kama alete tembe zingine kesho. Nilizitia zile za leo kwenye mkoba.

Mama aligeuza uso kwenye mwanga, akafumba macho. Nikaliacha pazia wazi. Sina kingine cha kumfanyia.