Masale ya Kielelezo

Jumanne, baada ya chakula cha usiku

Bado yako kwenye kabati la ofisini kwangu, na bado ni mabichi. Wiki tatu bila tone la maji.

Ni matawi ya masale, mmea ambao kwetu ni mtakatifu, ambayo vijana wanaolilia mto wetu unaokauka waliyapanga kukatiza barabara ya Nairobi, pale Sakina. Hawakupiga kelele. Magari yalisimama yenyewe, hakuna dereva aliyethubutu kuyakanyaga. Ofisini tunabishana hadi leo kama hilo ni kosa. Mimi mwendesha mashtaka nasema sheria ni sheria. Je, kama mgonjwa angefia kwenye ile foleni?

Leo nimemsimulia mama kwa simu. Akauliza:

"Polisi alipokuletea, uliyapokeaje?"

"Kwa mikono miwili, mama, kama ulivyonifundisha."

"Basi umeshawasamehe. Isale likishapokelewa, hakuna kesi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kabla sijatoka ofisini nikafungua kabati. Yameota mizizi.

Kesho saa tatu lazima niyainue mbele ya hakimu, niwaangalie wale vijana, niombe wafungwe. Na kwetu, anayesimama ameshika isale ndiye anayeomba msamaha.