Kordi ya Kidole Kidogo

Hosteli, Kilimarondo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila ncha za vidole zimeota sugu. Mgongo unaendeleaje tangu mmalize kuvuna ufuta? Na mama, kifua kimepona? Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mama huweka spika, na hili nataka ulipate wewe kwanza.

Ule wimbo wako wa barazani, katikati kuna mahali unaacha nyuzi, unagonga ubao wa gitaa mara mbili, kisha unaendelea. Nami niliujifunza hivyohivyo. Nilidhani ndivyo ulivyo.

Darasani kwetu yupo Kulwa, wa wale wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Hupiga gitaa kanisani kwao. Siku moja aliniazima gitaa lake, nikapiga wimbo wako huku nimeinamisha uso. Nilipofika pale nikagonga. Akacheka.

"Dada, mbona unabisha hodi? Hapo pana kordi, umeiruka. Nani kakufundisha?"

Baba, nisamehe. Nilimjibu, "Nilisikia redioni."

Kulwa ana kitabu cha gitaa cha Kiingereza ambacho kinampiga chenga, basi nikawa namsomea. Kordi yenyewe, yaani nyuzi kadhaa zinazobonyezwa na kulia pamoja, kitabu kinaiita nusu-diminishi. Inataka vidole vyote vinne, na uzi mnene kabisa na ule mwembamba kabisa zikae kimya. Nilipoona kwenye mchoro alama ya kidole kidogo, nikakumbuka mkono wako wa kushoto, na panga, mwaka ule mnasafisha mikorosho. Kumbe hukuisahau. Ulikosa cha kuibonyezea. Na mimi mwenye vidole vyote nilikukana.

Wiki tatu uzi ulikuwa unakoroma tu, kidole kinateleza. Jumamosi ikatoka safi. Inasikika kama mtu aliyefungua mdomo akasita, halafu kordi inayofuata ndiyo inamsemea. Kama mimi mwalimu akiniuliza swali.

Kulwa akasema sasa wimbo umetimia. Lakini mimi nilikuwa nakusubiri ugonge. Nikamwambia ukweli, kwamba wimbo ni wa baba yangu, na kwa nini anagonga. Akaniomba nimfundishe na kugonga.

Nisalimie mama, na shangazi wa vitumbua, na bibi anayesema gitaa litanichelewesha kuolewa. Mwambie linachelewesha vizuri. Hamisi mdogo wangu asiguse gitaa lako kabla hajanawa mikono.

Nimezunguka sana, baba, ombi lenyewe ni hili. Mwalimu amenipanga nipige siku ya mahafali, mbele ya watu wote, na unanijua. Panda gari uje. Kaa benchi la mbele. Nikifika pale nitaibonyeza ile kordi, na wewe gonga benchi mara mbili. Nikikusikia, nitainua uso.

Ni mimi mwanao,
Somoe