Naifundisha Mashine Kusubiri

Mbeya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na kamwene kwa wote hapo Ilula. Mguu wako unaendeleaje? Nyanya za bondeni zimeanza kuiva? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ningekupigia, lakini nikitoka kazini sikio langu halitaki tena kuguswa na simu, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi la huko barua hii.

Nasikia ulimuuliza shangazi kama ni kweli kompyuta imetunyang'anya kazi. Ni kweli, mama. Wakulima wakipiga simu ofisini kwetu kutaka ushauri wa mazao, siku hizi anayepokea ni mashine yenye sauti ya kike, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Tulikuwa wapokeaji sita. Tumebaki mimi na Stela, na kila Jumatatu tunaingia kwa kunyata.

Kilichonibakiza ni mzee mmoja wa Igawa, mkulima wa mpunga. Alipiga siku tatu mfululizo. Mashine inamuuliza, "Habari za shamba?" Naye, mtu mwenye adabu zake, anajibu, "Shamba salama." Basi inamshukuru, inaandika hana tatizo, inakata. Siku ya nne akadai kuongea na mtu. Nikapokea mimi.

"Shikamoo mzee, habari za huko?"

"Marahaba. Salama tu mwanangu. Watoto wazima, ng'ombe wazima."

Nikanyamaza kidogo.

"Ila huu mpunga bwana, umegeuka njano wote!"

Wewe unajua kwa nini nilinyamaza. Hata siku ile baba alipolazwa, jirani alikusalimu ukamjibu salama, ndipo ukamwambia. Nani kwetu anaanza na shida?

Nusu ya mpunga ule haikupona. Nilimpelekea bosi rekodi zote nikiwa na hasira, nikidhani ataiondoa mashine. Ujinga wangu! Akasema, "Safi sana, dada. Sasa wewe utaifundisha kusubiri."

Ndiyo kazi yangu sasa. Kutwa nasikiliza simu za wakulima waliokatiwa, naweka alama pale shida inapoanza. Nilimuuliza bosi, "Na ikishajua?" Akakoroga chai ambayo hata sukari hakuitia. "Tutaona," akasema.

Inajifunza haraka, mama. Juzi ilisubiri yenyewe, mkulima akamaliza salamu zake zote, akasema shida yake. Stela alipiga makofi. Mimi nilienda chooni nikalia. Nimeomba niwe natoka na bwana shamba kuwatembelea wakulima huko huko mashambani, labda huko nitafaa kwa muda mrefu zaidi. Wamesema watafikiria.

Msalimie shangazi, mwambie asikimbilie mabasi na ndoo za nyanya, umri umeenda. Msalimie baba mdogo, mzee wa kanisa, aniombee kazi isiniponyoke. Mdogo wangu Neema mwambie shule asiiache. Na wewe usiniandikie kuwa mguu haujambo ukaishia hapo hapo.

Nimerudia kusoma mwanzo wa barua hii, nimeona nimekuambia mimi ni mzima. Ni mzima kweli, mama. Ila nimechoka, na natamani uniambie nije nyumbani.

Binti yako,
Oliva