Cherehani kwa Mkeka

Kipungani

Mdogo wangu Athmani,

Salma amechovya kidole katika wino wangu sasa hivi akajipaka puani, basi ukiona doa hapa ni salamu za mpwa wako. Sote wazima, alhamdulillahi, na mama akusalimu sana.

Umeniuliza kama yafaa nti yetu kushirikiana na hao waliotutawala. Mimi nimesoma kidogo tu. Lakini mwaka wa kwanza wa uhuru, kabla sijaolewa, Mzungu mmoja alituletea cherehani sisi wasuka mikeka. Niliitamani mno! Bibi akamtolea mkeka mpya.

"La, Bi, siwezi kuuchukua," akasema. "Nyinyi hamna kitu. Hii ni zawadi tu."

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, wajua. Bibi akaukunja mkeka polepole.

"Basi, Bwana, chukua na cherehani yako. Sisi twapokea kwa jirani, si kwa mfadhili."

Shangazi akaninong'oneza, "Haya, kashone kwa macho!" Nikakaribia kulia.

Mzungu uso ukamwiva. Kisha akauliza, "Mkeka huu, upande upi hukaa juu?"

Bibi akacheka, akautandika, akamwonyesha. Cherehani ikabaki. Tangu hapo, kila akija, alikaa kwanza akatuuliza twataka nini.

Kwa hiyo wakikwambia huko kwao unakosoma watatupa nini, nawe waulize watapokea nini kwetu. Mimi nina matumaini, Athmani, maana mtu akishapokea kitu mkononi mwako, huanza kukuona kuwa ni jirani, si

Mama aniita. Naja, mama, naja!